Kuomba tena uzamivu kwenye idara iliyonikataa: faili la zamani huhesabiwa?

Mtafuta Nafasi

Ndugu zangu, naomba ushauri wa waliopitia njia hii na wa wale waliowahi kukaa upande wa pili wa meza. Nina shahada ya uzamili katika ikolojia ya maji baridi, na msimu uliopita wa udahili niliomba nafasi ya uzamivu katika idara kadhaa, nyingi zikiwa za Marekani na chache za Ulaya. Zote zimenikataa. Barua zao zilifanana kama zimeandikwa na mkono mmoja: waombaji walikuwa wengi, nafasi zilikuwa chache, na nisiuchukulie uamuzi huo kuwa kipimo cha uwezo wangu. Idara moja tu ilikwenda mbele zaidi, kwani ilinifanyia usaili kwa njia ya video mwezi wa Februari, ikaniweka kwenye orodha ya akiba, na katikati ya Aprili ikaniarifu kwamba nafasi zimejaa.

Idara hiyo ndiyo ninayoitaka hasa, na nimeazimia kuomba tena. Hata hivyo, kuna mambo yanayonitatiza. Sijui kama kamati ya udahili hulifungua faili la mwaka uliotangulia, wala kama jina langu likionekana mara ya pili nitahesabiwa kuwa king'ang'anizi. Sijui pia kama ni adabu kumwandikia profesa aliyenisaili na kumwuliza sababu za kukataliwa. Barua zangu za mapendekezo ziliandikwa na walimu watatu walionifundisha uzamili, na naona haya kuwasumbua tena, ingawa sina wengine wanaonifahamu kwa kiasi hicho. Tena kuna maelezo ya malengo, ambayo rafiki zangu waliyasoma na kuyasifu: je, niyafumue yote niandike upya, au nirekebishe pale palipolegea tu?

Niongeze kwamba alama zangu ni nzuri na niliwahi kuwasilisha matokeo ya tasnifu kwenye kongamano, ila sijachapisha makala yoyote katika jarida la kitaaluma.

Mwalimu wa Ikolojia

Ndugu Mtafuta Nafasi, pole kwa barua hizo. Nimekaa kwenye kamati ya udahili kwa misimu mingi, katika fani isiyo mbali na yako, kwa hiyo niruhusu nianze na jambo ambalo waombaji wengi hawaambiwi. Katika ikolojia, kamati peke yake haimchukui mtu. Kamati huchuja mafaili, lakini mwenye kauli ya mwisho huwa ni profesa atakayemsimamia mwanafunzi, kwa sababu mwanafunzi huingia moja kwa moja katika maabara yake na mara nyingi posho yake hutoka katika mradi wa profesa huyo. Hali hii ni tofauti na idara nyingi za biolojia ya molekuli nchini Marekani, ambako mwombaji hudahiliwa na programu nzima, akazunguka katika maabara mbili au tatu mwaka wa kwanza, na ndipo akachagua msimamizi. Kwa mtu wa fani yako, basi, faili zuri linaweza kurudishwa bila mtu yeyote kuliona kasoro. Huenda profesa uliyemtaja alikuwa anakwenda likizo ya utafiti, au ruzuku yake ilikuwa inakwisha, au alikuwa tayari na wanafunzi wa kumtosha. Barua ya kukataliwa haikuelezi hayo, na afisa anayeituma kwa kawaida hayajui.

Ndiyo maana mtu anaponiambia kwamba anataka kuomba tena, simwulizi alama zake kwanza. Namwuliza aliwasiliana na nani kabla ya kuomba, na alijibiwa nini. Hukututajia jambo hilo, na kwangu mimi ndilo pengo kubwa katika swali lako. Ikiwa ulituma maombi yako katika idara zile nyingine bila kumwandikia profesa yeyote, basi usijiulize sana walikuonaje, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyekuwa anatafuta mwanafunzi wa mada yako mwaka huo.

Idara iliyokusaili ni habari nyingine. Vyuo vingi vya Marekani vimeridhia makubaliano ya Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vinavyotoa shahada za uzamili na uzamivu, ambayo yanampa mtu aliyepata nafasi yenye ufadhili muda hadi tarehe 15 Aprili kuikubali au kuikataa. Aliye kwenye orodha ya akiba hungoja wenzake waamue, na wakikubali wote, mlango unafungwa siku hiyohiyo. Barua iliyokufikia katikati ya Aprili inalingana kabisa na utaratibu huo. Kwa maoni yangu, ulishavuka chujio la kamati, na pana profesa aliyekuwa tayari kukuchukua endapo nafasi ingepatikana. Kuomba tena hapo si ung'ang'anizi hata kidogo.

Mwandikie profesa huyo, lakini usimwulize sababu za kukataliwa. Swali la namna hiyo humweka kwenye kizimba. Atajitetea kwa maneno ya jumla, au atanyamaza kwa kuhofia kwamba jibu lake litatumika kukata rufaa. Mwulize kuhusu msimu ujao. Barua yenyewe iwe fupi, kwa mfano hivi:

«Profesa, nakushukuru kwa muda ulionipa katika usaili wa mwezi wa Februari. Ninakusudia kuomba tena nafasi ya uzamivu katika idara yenu msimu ujao. Tangu tulipozungumza nimeanza kuzichakata upya takwimu za tasnifu yangu kwa njia uliyoitaja, na ninaandika makala kutokana na matokeo yake. Ningependa kujua kama unatarajia kupokea mwanafunzi mpya, na kama kuna upande wa maandalizi yangu ambao ungependa kuuona ukiwa imara zaidi.»

Kifungu cha mwisho kinampa nafasi ya kukutajia udhaifu wako akitaka, bila kulazimishwa kuutetea uamuzi ambao si wake peke yake. Sentensi ya tatu nayo lazima iwe kweli, maana akikuuliza matokeo yamekuwaje ukakosa la kusema, utakuwa umejiharibia kuliko kama usingeandika kabisa. Muda mzuri wa kuituma ni Agosti au Septemba, wakati maprofesa wengi wanaanza kujua hali ya ruzuku zao, nawe ukiwa bado na miezi kadhaa kabla ya tarehe za mwisho, ambazo kwa programu nyingi za uzamivu za Marekani huangukia Desemba au mapema Januari. Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili hivi, kisha uache.

Sasa niseme juu ya maelezo ya malengo. Sifa za rafiki zako zisikutulize, kwa sababu rafiki husoma akitafuta kukutambua wewe, ilhali mjumbe wa kamati anatafuta swali la utafiti, tena ana rundo la mafaili mengine mezani na dakika chache kwa kila moja. Nimesoma mara nyingi sana aya ya kwanza ya namna hii: «Tangu utotoni nimevutiwa na maji na viumbe vyake, na ndoto yangu ni kuchangia uhifadhi wa mazingira kupitia utafiti wa kina katika idara yenu yenye sifa duniani.» Hakuna uongo hapo, lakini ningeweza kuikata na kuibandika kwenye faili la mwombaji mwingine yeyote, naye asiigutukie. Linganisha na mfano huu ambao nimeutunga kwa kufuata fani yako: «Katika tasnifu yangu niliona kwamba idadi ya mabuu wa wadudu wa majini ilishuka katika sehemu za mto zilizo chini ya mabwawa madogo, hata pale ambapo ubora wa maji haukubadilika. Vipimo vyangu vya kila mwezi havikuweza kutenganisha athari za joto la maji na zile za kasi ya mkondo, na utenganisho huo ndio ninaotaka kuufanyia kazi katika uzamivu.» Mfano wa pili unaonyesha ulichokipata, mahali ulipokwama, na unakotaka kwenda, tena msomaji anaanza mwenyewe kufikiria vifaa vya kupimia joto mfululizo na mwenzake fulani mwenye takwimu za mikondo. Akifika hapo ameshaanza kukufikiria kama mwanafunzi wake.

Yafumue yote, basi. Ukirekebisha palipolegea tu, utaishia na maandishi yaleyale yaliyopigwa pasi.

Afisa Udahili wa Zamani

Nakubaliana na Mwalimu kwa kiasi kikubwa, ila naomba kuongeza ya upande wa ofisi, kwa sababu nimefanya kazi ya kupokea na kupanga mafaili kabla hayajafika kwa kamati.

Kuhusu faili la zamani, hakuna kanuni moja. Vipo vyuo vinavyohifadhi maombi ya mwaka mmoja au miwili na kumruhusu mwombaji aombe baadhi ya nyaraka zihamishwe, na vipo vinavyotaka kila kitu upya. Fomu nyingi huuliza wazi kama umewahi kuomba katika chuo hicho. Jibu kweli, kwani rekodi ipo na hakuna hasara katika kukiri. Mara nyingi kamati haifungui faili la zamani, kwa sababu tu la mwaka huu linatosha kuwachosha. Lakini ukipata profesa anayekukumbuka, yeye anaweza kulifungua kwa hiari yake ili aone umesogea kiasi gani. Hivyo andika ukijua kwamba mafaili mawili yanaweza kuwekwa ubavu kwa ubavu. Mtu aliyebadilisha tarehe na jina la profesa pekee huonekana papo hapo.

Soma kanuni za chuo chenyewe kabla ya kulipa ada. Vipo vinavyomruhusu mwombaji kuomba programu moja tu kwa mwaka, na vipo vinavyoweka ukomo wa idadi ya maombi ambayo mtu mmoja anaweza kuyatuma maishani mwake. Watu hugundua jambo hilo wakiwa wamekwisha kutumia nafasi mojawapo kwa programu wasiyoitaka sana. Ukiona ada ni mzigo, uliza kuhusu msamaha wa ada wiki kadhaa mapema, maana siku ya mwisho hakuna atakayekujibu.

Kagua pia uhai wa matokeo ya mitihani. Matokeo ya GRE, yaani mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu, hudumu miaka 5 tangu siku ya mtihani, ilhali ya TOEFL, mtihani wa Kiingereza, ni miaka 2, na vyuo vingi huyahesabu ya IELTS, ambao nao ni wa Kiingereza, hivyohivyo. Mwombaji wa mara ya pili ndiye anayenaswa na jambo hili, kwa sababu mwaka jana yalikuwa hai na hakumbuki kuyatazama tena. Kuhusu GRE, usiirudie kabla ya kuthibitisha kwamba idara zako bado zinaitaka. Idara nyingi ziliiondoa katika miaka ya hivi karibuni, na katika baadhi yake alama hizo hata hazifiki kwa wasomaji. Ukilazimika kuirudia, kanuni ni kusubiri siku 21 kati ya mtihani mmoja na mwingine, na usizidishe mara 5 ndani ya miezi 12.

Jambo la mwisho linahusu haki ya kuona yaliyoandikwa juu yako, ambalo watu huniuliza mara kwa mara. Marekani ina sheria ya mwaka 1974 iitwayo FERPA, inayompa mwanafunzi haki ya kuona rekodi zake, lakini haimhusu mwombaji ambaye hakuwahi kusoma katika chuo hicho. Katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi humruhusu mtu kuomba taarifa zinazomhusu, mwombaji wa chuo akiwemo. Ni haki yako, ingawa binafsi sioni kama ina faida kubwa hapa. Aghalabu utakachopewa ni alama za wasomaji na mistari miwili mitatu ya maoni, kama havijafutwa, na huwezi kujifunza humo zaidi ya kile ambacho profesa angekuambia kwa barua ya kirafiki.

Mwanafunzi wa Uzamivu

Mimi niliingia katika uzamivu kwa kuomba tena, kwa hiyo nitajibu yale niliyoyaona kwa karibu, hasa barua za mapendekezo.

Usione haya. Mwalimu aliyekuandikia mwaka jana ana rasimu tayari, na kuihuisha hakumchukulii muda mrefu. Kinachomchosha ni mwanafunzi anayekuja siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho na kusema «ni ileile tu». Isipokuwa ileile ndiyo hutaki. Barua yenye tarehe ya mwaka jana, isiyotaja lolote ulilolifanya tangu wakati huo, inamwambia msomaji kwamba mwaka mzima umepita bure. Mpe kila mwalimu ukurasa mmoja ukimweleza ulichokifanya tangu alipokuandikia, unakoomba na kwa nini, na hasa jambo ambalo yeye pekee anaweza kulishuhudia. Kwa mfano, mmoja alikuwa nawe kwenye kazi ya uwandani na aliona ulivyotengeneza upya ratiba ya sampuli baada ya mafuriko. Mwingine alisahihisha uchambuzi wako wa takwimu mara kadhaa hadi ukakaa sawa. Barua tatu zinazosema kwa pamoja kwamba wewe ni mwenye bidii na nidhamu ni kama barua moja. Afadhali kila moja ibebe ushahidi wake.

Nadhani pia unapaswa kubadilisha angalau mmoja wa hao watatu, ikiwa mwaka huu utafanya kazi na mtu mwingine. Wote ni walimu wako wa uzamili, wa idara moja, wanaokufahamu katika kipindi kimoja cha maisha yako. Mtu anayekuona kazini sasa hivi, ukichambua takwimu au ukisimamia kazi ya uwandani, anaongeza kitu ambacho hao hawana.

Sasa naomba kutofautiana kidogo na Mwalimu. Ameshughulika na idara hiyo moja kana kwamba ndiyo kisa chote. Orodha ya akiba ni dalili nzuri, sawa, lakini ruzuku ya profesa inaweza kukatika mwaka ujao, na mwaka 2025 tumeona programu kadhaa za Marekani zikipunguza idadi ya wanafunzi, na baadhi zikiondoa hata nafasi zilizokwisha kutolewa, kwa sababu za fedha zisizohusiana kabisa na ubora wa mwombaji. Mwenye mlango mmoja atarudi hapa mwaka ujao na swali hilihili.

Umesema uliomba idara chache za Ulaya, ila hukusema kwa utaratibu gani, na utaratibu ndio wenye jambo. Katika nchi kama Sweden, Norway na Uholanzi, nafasi nyingi za uzamivu hutangazwa kama ajira: mradi upo, fedha ipo, msimamizi anajulikana, nawe unashindania kazi yenye mshahara na mkataba. Kila tangazo ni shindano linalojitegemea, na matangazo hutoka mwaka mzima. Kukataliwa kwenye tangazo la Machi hakuna uzito wowote kwenye tangazo la Oktoba, hata ndani ya idara ileile. Swali lako la faili la zamani halina mashiko huko. Ujerumani nako, mbali na shule za uzamivu zenye ushindani rasmi, bado ipo njia ya kumpata msimamizi kwanza, kisha mkatafuta fedha pamoja. Uingereza huwa wanataka andiko la utafiti, na hapo kigezo kikubwa ni kama andiko lako linamfaa msimamizi uliyemtaja. Ukituma maelezo ya malengo ya mtindo wa Kimarekani kwa tangazo la ajira la Sweden, wasomaji watatafuta ujuzi walioutaja kwenye tangazo wasiuone, wakuweke pembeni, nawe ubaki ukidhani kwamba umepungukiwa na sifa.

Mtafuta Nafasi

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mwalimu umenigusa penyewe. Ukiacha idara iliyonisaili, kwingine kote nilituma maombi bila kuandikiana na mtu, kwa kudhani kwamba kumwandikia profesa kabla ya udahili ni kutafuta upendeleo. Na kwa Ulaya, Mwanafunzi umebashiri sawasawa, maelezo yalikuwa yaleyale.

Yamebaki mawili. La kwanza: nimepata kazi ya msaidizi wa utafiti katika mradi wa ubora wa maji, ambao hauhusu viumbe bali kemia. Naogopa kwamba itanitoa kwenye mada yangu na kunila muda wa kuandika makala, lakini bila kazi hiyo sina namna ya kujikimu hadi msimu ujao. La pili: katika maelezo mapya, nitaje kwamba niliomba mwaka jana, au ninyamaze?

Mwanafunzi wa Uzamivu

Kazi ichukue. Mtu wa viumbe vya maji anayejua kupima naitrojeni na fosforasi kwa mikono yake ni adimu kuliko unavyodhani. Matangazo mengi ninayoyaona yanataka watu wanaoweza kusimama katikati ya taaluma hizo mbili, tena hapo ndipo utampata yule mwandishi wa barua ya tatu. Kuhusu kutaja maombi ya zamani, mimi nilinyamaza. Fomu ilikuwa imeshaniuliza na nikajibu, na sikuona sababu ya kutumia nafasi finyu ya maelezo kukumbusha kwamba nilikataliwa.

Mwalimu wa Ikolojia

Hapo tunaachana njia na Mwanafunzi, lakini kwa idara moja tu. Kwingine kote nyamaza. Kwa idara iliyokusaili, kunyamaza kunaleta ugeni usio na maana, kwa sababu profesa anakukumbuka na huenda wajumbe wawili watatu wa kamati wanakukumbuka pia. Weka sentensi moja, isiwe mwanzoni wala mwishoni, inayotaja usaili huo kwa ajili ya jambo la kitaaluma lililotokana nao: kwamba mazungumzo yale yalikufanya uzichakate upya takwimu zako, na umepata nini. Usitumie maneno kama «sikukata tamaa» au «licha ya kukataliwa». Msomaji hakukuuliza habari za moyo wako, na ukimwonyesha jeraha atajisikia kama anadaiwa.

Kuhusu kazi, nakubaliana na Mwanafunzi kabisa, mradi uweke mkataba na nafsi yako juu ya makala. Miezi iliyopo haitoshi kuandika, kuwasilisha, kupitiwa na wataalamu na kuchapishwa. Upitiaji peke yake unaweza kumeza nusu mwaka na zaidi. Kwa hiyo usilenge kuchapisha kabla ya Desemba. Lenga kuwa na muswada uliokamilika, walimu wako ambao ni waandishi wenza wakiwa wameukubali, kisha uuweke kwenye hazina ya wazi ya miswada kama bioRxiv au EcoEvoRxiv, baada ya kuhakikisha kwamba jarida mnalolikusudia linaruhusu. Majarida mengi ya ikolojia yanaruhusu siku hizi. Ukifanya hivyo, kwenye wasifu wako kutakuwa na kitu ambacho msomaji anaweza kukifungua na kukisoma usiku huohuo anapopitia faili lako.

Waombaji wengi huandika kwenye wasifu «makala inaandaliwa». Wajumbe wa kamati huruka mstari huo, kwa kuwa kila mtu ana makala inayoandaliwa, hata mimi ninazo za miaka. Andika «imewasilishwa» ikiwa imewasilishwa kweli, na utaje jarida. Ikiwa hadi Novemba muswada bado haujakomaa, usiulazimishe kwenda hadharani. Chukua mchoro mmoja ulio bora kuliko yote, ule unaoonyesha mabuu na joto la maji kwa pamoja kama unao, uuweke kwenye barua yako ya pili kwa profesa pamoja na mistari mitatu ya maelezo, umwombe maoni yake kuhusu namna ulivyoutafsiri.

Afisa Udahili wa Zamani

Nyongeza ndogo tu. Mfumo wa maombi wa chuo chako ukifunguliwa, ambao kwa kawaida ni Agosti au Septemba, ingia ujaribu barua pepe yako ya zamani kabla ya kufungua akaunti mpya. Akaunti mbili za mtu mmoja huzaa mafaili mawili, na nimeona barua za mapendekezo zikiingia kwenye lile ambalo halikuwasilishwa, huku mwombaji akihesabiwa kuwa na nyaraka pungufu. Kama akaunti ya zamani haifunguki, iandikie ofisi ya udahili ukiwapa namba yako ya maombi ya mwaka jana na uwaombe wayaunganishe kabla hujawatumia walimu wako kiungo cha kupakia barua.